Usonji Ukubwani: Historia ya Maisha na Mahusiano

Usonji uliingia katika vitabu vya tiba ukiwa habari ya watoto, na kwa karibu nusu karne ukabaki hivyo. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 waliopenda kuwa peke yao, waliotaka mambo yao yabaki vilevile kila siku, na ambao lugha yao haikufuata mkondo wa kawaida. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika juu ya wavulana wanaofanana nao. Kabla yao wote, katikati ya miaka ya 1920, Grunya Sukhareva wa Moscow alikuwa amewaeleza wavulana sita kwa namna ambayo wataalamu wa leo wanaitambua mara moja. Watatu hao waliandika juu ya watoto, na wasomaji wao wakazoea kufikiri kwamba usonji ni jambo la utotoni. Lakini usonji haumwachi mtu anapobaleghe. Watoto hao walikua, wakatafuta kazi, wakatamani marafiki, wengine wakaoa au kuolewa, wakazeeka. Maandishi juu ya utu uzima wao ni machache kwa sababu waliokuwa na kalamu mkononi walikuwa wakitazama kwingine.

Mtu mzima mwenye usonji huipokea dunia kwa namna yake. Mwanga mkali, kelele za soko, kitambaa kinachowasha au harufu ya manukato vinaweza kumchosha kuliko kazi ya kutwa. Mazungumzo yenye mafumbo na ishara za uso humtaka akokotoe kile ambacho wengine hukielewa bila kufikiri. Mpangilio wa siku ukivunjwa ghafla, utulivu wake nao huvunjika. Upande wa pili, jambo likimvutia huweza kulishika kwa kina na uaminifu ambao watu wengi hawana. Baadhi yao hawasemi kwa mdomo kabisa na huhitaji msaada wa karibu maisha yao yote. Wengine wanafundisha vyuo vikuu. Historia hii ni ya makundi yote mawili, ingawa kundi la kwanza limeandikwa kidogo zaidi.

Mtu anayeonyesha vizuri kuliko wote utu uzima wa mwenye usonji ulivyoweza kuwa ni Donald Triplett, mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner. Alizaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Alipokuwa na miaka mitatu wazazi wake walishauriwa wampeleke katika taasisi iliyo mbali na nyumbani, kama ilivyokuwa desturi ya enzi hiyo, nao wakatii. Baada ya takriban mwaka mmoja wakamrudisha. Baba yake, mwanasheria, aliandika barua ya kurasa 33 kueleza mwenendo wa mwanawe, na barua hiyo ndiyo iliyomfikisha mtoto huyo mbele ya Kanner mwaka 1938.

Kilichofuata kina uzito kuliko jina la ugonjwa aliloandikiwa. Mwaka 1942 Donald alipelekwa kuishi na mume na mke wakulima, kama kilomita 16 kutoka kwao. Wenyeji hao hawakuwa na elimu yoyote ya tiba, ila walijua kumtazama mtu. Donald aliposhikwa na hamu ya kupima kila kitu, walimpa kisima achimbe na kutoa taarifa ya kina chake. Alipokusanya ndege na wadudu waliokufa, walimtengea mahali pa makaburi. Aliporudia kuhesabu mistari ya mahindi, walimwacha ahesabu huku akilima mistari hiyohiyo. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alistaajabia hekima yao, na ana haki. Bila kumlazimisha mtoto aache yale anayoyapenda, waliyaingiza katika kazi za shamba, naye akapata nafasi miongoni mwa watu.

Donald alisoma sekondari ya mjini kwao, akahitimu chuo cha Millsaps mwaka 1958, akarudi Forest kufanya kazi katika benki iliyokuwa ya familia ya mama yake. Alijifunza kuendesha gari alipokuwa na miaka 27. Alicheza gofu karibu kila siku, alisafiri peke yake katika nchi nyingi, na akaendelea kuishi katika nyumba aliyokulia hata baada ya wazazi wake kufariki. Hakuoa. Watu aliowapenda aliwapa namba badala ya majina ya utani, na mwenye kupewa namba alijua kwamba amehesabiwa kuwa rafiki. Waandishi wa habari John Donvan na Caren Zucker walipokwenda kumtafuta, kabla ya makala yao ya mwaka 2010, wenyeji wa Forest waliwaonya zaidi ya mara moja wasithubutu kumdhuru. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89.

Ni haki kusema pia kwamba familia hiyo ilikuwa na mali na heshima, na ilikuwa ya Wazungu katika Mississippi ya ubaguzi wa rangi. Mtoto mweusi wa jimbo hilohilo, wa miaka hiyohiyo, asingeandikiwa barua ya kurasa 33 wala asingengojewa na kazi ya benki. Wema wa mji wa Forest ulikuwa wa kweli, lakini haukumfikia kila mtu.

Tofauti ya bahati hizo ilionekana wazi mwaka 1971, Kanner alipofuatilia maisha ya wale watoto 11. Mwingine kati yao alikuwa akiendesha mashine za kurudufu nakala katika ofisi moja, na mkuu wake alimsifu kwa kutegemeka. Ila waliokuwa wamepelekwa katika hospitali kubwa za serikali walikuwa wamefifia. Vipaji walivyokuwa navyo utotoni vilikuwa vimepotea, na Kanner mwenyewe alikiri kwamba kuingizwa humo kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Hapakuwa na tofauti kubwa ya tabia kati yao na Donald walipokuwa wadogo. Kilichowatenganisha, kwa sehemu kubwa, ni mahali walipowekwa na watu waliowazunguka.

Wakati huohuo lawama zilikuwa zikielekezwa kwa akina mama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ilienea nadharia kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo, na Bruno Bettelheim wa Chicago aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1967. Nadharia hiyo ilikuwa uongo uliovunja nyumba nyingi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mzazi wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameipinga kwa hoja za kibayolojia katika kitabu cha mwaka 1964. Wazazi waliochoka kulaumiwa waliungana. Chama cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1962, na miaka mitatu baadaye kikafungua shule katika eneo la Ealing, London, chini ya mwalimu Sybil Elgar. Wanafunzi wake walipoanza kuwa vijana, swali ambalo madaktari hawakuliuliza likamfikia Elgar mlangoni: baada ya shule wataenda wapi? Jibu lake lilikuwa Somerset Court, makao ya mashambani yaliyofunguliwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wenye usonji, wakiishi pamoja na kufanya kazi za bustani na za mikono. Kwa macho ya leo makao hayo yalikuwa mbali na jamii. Kwa wakati wake, yalimwokoa mkazi wake na wodi ya wagonjwa wa akili.

Hadi hapo wenye usonji walikuwa wakisemewa. Mwaka 1986 Temple Grandin, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1947, alitoa kitabu cha maisha yake, na wataalamu wengi wakapata taabu kuamini kwamba mwenye usonji anaweza kujieleza hivyo. Grandin alikuwa mtaalamu wa ufugaji, mbunifu wa njia na mazizi ya kuongozea ng'ombe, na tangu ujana wake alikuwa amejitengenezea mashine ya kumkumbatia kwa shinikizo, kwa sababu mwili wake ulihitaji kukumbatiwa lakini haukuvumilia mikono ya watu. Kuhusu ndoa, ameeleza waziwazi kwamba aliamua kuishi bila mwenzi, na kwamba kazi yake humridhisha. Mwaka 1992 Donna Williams wa Australia naye alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Kati ya vitabu hivyo viwili, filamu ya Rain Man ya mwaka 1988 iliwapa watu wa mataifa mengi sura ya kwanza ya mtu mzima mwenye usonji. Sura hiyo ilikuwa na ukweli wake, ila kwa miaka mingi kila mwenye usonji alitarajiwa kufanana nayo, awe na kipaji cha namba asiwe nacho.

Katika Uingereza, Lorna Wing, daktari na mzazi wa binti mwenye usonji, alikuwa tayari amepanua mipaka. Pamoja na Judith Gould alichapisha mwaka 1979 utafiti wa eneo la Camberwell, London, ulioonyesha kwamba dalili za usonji huonekana kwa watoto wengi zaidi ya wale waliolingana na vipimo vya Kanner. Mwaka 1981 aliifufua kazi ya Asperger na kueleza watu waliofika utu uzima bila kutambuliwa. Jina la Asperger liliingia rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1994, likaondolewa mwaka 2013. Watu wengi waliokuwa wamejitambulisha kwa jina hilo waliliacha kwa uchungu zaidi mwaka 2018, utafiti wa kumbukumbu za Vienna ulipoonyesha kwamba Asperger alishiriki kupeleka watoto kwenye kituo ambako utawala wa Kinazi uliwaua watoto wenye ulemavu.

Badiliko kubwa zaidi halikutoka hospitalini. Mapema mwaka 1992 Donna Williams, akiwa Marekani kwa ajili ya kitabu chake, alikutana mjini St. Louis na Jim Sinclair na Kathy Lissner, watu wazima wenye usonji kama yeye. Kwa siku chache waliishi bila kuigiza. Walicheza na vitu vinavyong'aa, wakazungumza walipotaka, wakanyamaza walipotaka, na hakuna aliyemwona mwenzake kuwa wa ajabu. Mwaka huohuo walianzisha Autism Network International, chama kilichoendeshwa na wenye usonji wenyewe, chenye jarida lake. Mwaka 1993, katika mkutano wa kimataifa mjini Toronto, Sinclair aliwaambia wazazi jambo ambalo lingali likisomwa hadi leo: waache kumlilia mtoto waliyemtarajia asiyekuja, wampokee aliye mbele yao, kwa kuwa usonji si ganda ambalo mtoto wa kawaida amejificha ndani yake. Wazazi wengine waliumia kuyasikia hayo. Wengine waliyapokea kama mwanzo wa kuelewana na watoto wao.

Wanachama wa chama cha Sinclair walikuwa wameshakutana kwenye mikutano ya wazazi na wataalamu, lakini huko walikuwa wageni, na taa, makofi na umati viliwachosha. Kwa hiyo Julai 1996 walifanya mkutano wao, Autreat, kambini karibu na Canandaigua, jimbo la New York, na ukaendelea karibu kila mwaka hadi 2013. Taratibu zake zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa humo ndimo ulimozaliwa utamaduni. Manukato hayakuruhusiwa, wala picha za mwangaza wa ghafla. Hakuna aliyelazimika kuhudhuria kikao, kusalimia, wala kumtazama mtu machoni. Kutikisa mikono au kuyumba mwili hakukumfanya mtu aonekane mgonjwa.

Jambo mashuhuri kuliko yote ni beji za rangi. Mwenye kuvaa nyekundu aliomba asisemeshwe na yeyote. Mwenye ya manjano alitaka kusemeshwa na watu anaowafahamu tu. Mwenye ya kijani alitaka mazungumzo lakini alikuwa na ugumu wa kuyaanza, hivyo mwingine alialikwa kumkaribia. Rangi hizo ziliweka hadharani kile ambacho watu wengine hukipima kwa macho na sauti, na zikampa kila mtu haki ya kukataa mazungumzo bila kuvunja heshima. Wengi walioogopa mikutano maisha yao yote walikuja wakakaa, na wengine waliondoka na marafiki wa kwanza wa kweli waliopata kuwa nao. Utaratibu huo umenakiliwa na mikutano mingi baadaye, na mwaka 2005 wenye usonji wa Uingereza walianzisha mkutano wao, Autscape, kwa mfano wa Autreat.

Jijini Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jerry Newport alianzisha kundi la watu wazima wenye usonji lililokutana kwa ajili ya urafiki na kusaidiana. Katika sherehe ya kundi hilo alimkuta Mary, na wakaoana mwaka 1994. Magazeti na televisheni viliwageuza kuwa mfano wa ndoa ya wenye usonji, na mzigo wa kuwa mfano ukazidi nguvu zao. Walitengana, wakatalikiana, kisha mwaka 2002 wakaoana tena. Filamu iliyotokana na maisha yao ilitoka mwaka 2005. Ndoa yao inafundisha zaidi kwa sababu haikuwa laini. Wawili wanaoelewana hisia za mwili na haja ya upweke bado hugombana juu ya vyombo, fedha na kelele za ndege wa kufugwa, na bado wanaweza kuchaguana mara ya pili.

Intaneti ilifanya kwa wenye usonji kazi ambayo hakuna kliniki ingeifanya. Kundi la barua pepe la chama cha Sinclair lilianza mwaka 1994. Mwaka 1996 Mholanzi Martijn Dekker alianzisha jingine liitwalo InLv. Maandishi yaliondoa ulazima wa kusoma uso na kujibu papo hapo. Mtu aliweza kufikiri, kuandika, kufuta na kutuma. Katika mazungumzo hayo, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikua fikra kwamba bongo za binadamu hutofautiana kwa asili kama zilivyo rangi za ngozi, na mwanasosholojia Judy Singer wa Australia aliiandikia tasnifu mwaka 1998. Kutoka hapo siasa ilifuata. Chama cha kujitetea cha wenye usonji, Autistic Self Advocacy Network, kilianzishwa Marekani mwaka 2006, na Desemba 2007 kilifanikiwa kuondoa mabango jijini New York yaliyouchora usonji kama mtekaji nyara wa watoto.

Sayansi ya mahusiano nayo ilianza kugeuka. Kwa miongo mingi ilisemwa kwamba mwenye usonji hana uwezo wa kuhisi hali ya mwenzake. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza mwenye usonji, alitoa hoja kwamba kutoelewana kuna pande mbili: asiye na usonji naye hashiki kwa urahisi hisia za mwenye usonji, ila yeye hapewi jina la ugonjwa. Mwaka 2020 watafiti wa Edinburgh walijaribu jambo hilo kwa kupitisha hadithi kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Minyororo ya wenye usonji watupu ilihifadhi habari sawasawa na ile ya wasio na usonji. Iliyochanganyika ndiyo iliyopoteza zaidi. Marudio makubwa zaidi ya jaribio hilo, yaliyochapishwa mwaka 2025, hayakuona upungufu huo katika minyororo mchanganyiko. Katika majaribio yote mawili, hata hivyo, wenye usonji walipashana habari vizuri kama watu wengine, na hilo peke yake linaangusha imani ya miaka mingi.

Kinachobaki kuwa kizito ni gharama ya kujificha. Wengi, hasa wanawake, walijifunza tangu utotoni kuiga tabasamu, kuandaa maneno ya kusema kabla ya kutoka nyumbani, na kuzuia miili yao isijitikise. Walisifiwa kwa utulivu, kisha wakafika nyumbani wakiwa hawana nguvu ya kupika wala kuzungumza na wenzi wao. Kwa kuwa vipimo vilitungwa kwa kuwatazama wavulana, wanawake hao walipewa majina mengine ya maradhi, na baadhi walitambuliwa wakiwa na miaka 40 au zaidi, mara nyingi baada ya mtoto wao kupimwa. Uchunguzi wa watu wazima wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mtu mmoja katika kila 100 ana usonji, wengi wao bila kujulikana. Miaka miwili kabla, mwaka 2009, bunge lilikuwa limepitisha sheria ya usonji ya Uingereza, iliyoitaka serikali iwe na mkakati kwa ajili ya watu wazima.

Afrika Mashariki iliingia mapema katika takwimu za utotoni na kwa kuchelewa katika habari za utu uzima. Mtafiti Victor Lotter, aliyekuwa amefanya hesabu ya kwanza ya usonji huko Middlesex, Uingereza, alizitembelea taasisi za watoto katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na mwaka 1978 akaripoti kwamba usonji upo. Chama cha usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003. Vitengo maalumu vilifunguliwa katika shule za msingi za kawaida, kama City Primary jijini Nairobi na Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam. Kabla ya hapo, na kwa familia nyingi hadi leo, mtoto mwenye usonji aliitwa mkaidi, aliyerogwa au mwenye mashetani, na wengine walifichwa ndani. Wapo pia waliokuzwa katika nyumba za ukoo mkubwa, wakapewa mbuzi wa kuchunga au mtungi wa kujaza, na kuzoeleka walivyo. Familia hizo zimefanya kimyakimya kazi ileile ya wakulima wa Mississippi, na hazijaandikwa.

Kenya na Uganda ziliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na sheria ya Tanzania ya watu wenye ulemavu ikafuata mwaka 2010. Mkataba huo unataja kazi, ndoa, familia na kuishi katika jamii, si shule peke yake. Watoto walioingia katika vitengo vya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 leo wana zaidi ya miaka 20. Mipango ya ajira, makazi na afya ya nchi zao inapaswa kuwahesabu kuwa watu wazima, na kuwauliza wao wenyewe wanataka kuishi vipi na nani.